Wauza rekoda mnatupiga mchana kweupe. Nani kawadanganya kuwa biti 32 zinaondoa kelele?

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyohivyo.

Nimejinyima miezi mitano, nikatinga Kariakoo na 420,000 mfukoni kutafuta rekoda ya mkononi. Nikamwambia muuzaji kinagaubaga: sirekodi mahojiano wala kwaya, narekodi msitu. Mvua juu ya majani, komba wakilia, hondohondo wakipita. Akanitolea moja (chapa siitaji), akaiwasha palepale, "helo helo, moja mbili", akanivika hedifoni. "Unasikia bosi? Safi kama redio!" Safi gani, na nje makonda wanaita Mbagala na jenereta la jirani linanguruma? Pale hata kopo la maziwa lingerekodi safi.

Jumamosi nikalala Kisarawe, saa 11 alfajiri niko msitu wa Pugu. Giza. Umande unadondoka jani kwa jani, komba mmoja analia mbali. Navaa hedifoni, napandisha geini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki): shwaaaaa. Kama mtu anakaanga dagaa ndani ya sikio langu. Komba yumo, ndiyo, ila nyuma ya dagaa.

Jumatatu niko dukani. Jibu nililopewa: "Hiyo ni biti 32 bosi, haina kelele."

Jamani! Biti 32 za floti, yaani namna rekoda inavyoandika sauti kwa namba, kazi yake ni kuzuia sauti kubwa isipasuke ukikosea geini. Radi ikipiga ghafla, inakuokoa. Lakini kelele inayozaliwa ndani ya maiki na kwenye kikuza sauti chake imeshaingia kabla rekoda haijaandika namba hata moja. Ukiongeza biti, unairekodi hiyo shwaaa kwa ufasaha zaidi! Na sampuli 96,000 kwa sekunde, yaani mara ngapi sauti inapimwa, ni yaleyale: stirio ya biti 24 inakula kama GB 2 kwa saa, kadi imejaa, dagaa wako palepale.

Sisi wa sauti za mazingira tunachotaka kujua ni maiki yenyewe ina kelele kiasi gani. Vile vidude vya maiki vya Primo EM272, vidogo kama kifungo cha shati, vimeandikwa wazi kelele yake: desibeli 14 (namba ikiwa ndogo, kelele ni ndogo). Watu wanavichomeka kwenye tundu la maiki la rekoda, mradi tundu litoe umeme kidogo wa kuviendesha. Nikauliza kama tundu langu linatoa. Jamaa akanitazama kana kwamba nimemuuliza mahari ya dada yake. Boksi nalo limeandika saa za betri, limeandika uzito, habari ya kelele hakuna.

Sponji waliyonipa ni pambo, upepo ukipuliza kidogo ni ngurumo tupu. Nimechana dubu la mwanangu nikashona manyoya yake juu ya maiki. Hilo limesaidia, ila nyumbani sina amani.

Hela wamekataa kurudisha, eti boksi limeshafunguliwa.

Sasa mwenye rekoda ya chini ya laki nne anayeisifia, picha ya boksi sitaki. Saa 8 usiku zima feni, zima friji, weka rekoda mezani, geini juu, rekodi dakika mbili za chumba kitupu, kisha uniwekee hapa. WAV (sauti isiyobanwa), siyo MP3.