Farasi jike wa miaka 4 na nusu: madaraja ya wachanga, iventi ndogo, au mwaka wa kujifunza tu?

TandikoJepesi

Salaam wana jukwaa. Naomba ushauri kabla msimu haujafunguliwa. Nina farasi jike ambaye ifikapo Januari 1 atahesabiwa miaka 5. Nimemfunza mwenyewe tangu siku ya kwanza ya tandiko. Troti yake, ule mwendo wa hatua mbili, ina mdundo mzuri. Kanta, mwendo wa kasi wa hatua tatu, ya kulia ameshaielewa, ya kushoto bado anaegemea bega. Nyumbani anaruka sentimita 80 bila wasiwasi, na gogo lolote utakalomwonyesha analiendea masikio yakiwa mbele. Ugenini ni habari nyingine. Akishushwa kwenye gari anawaita wenzake, analowa jasho hata kabla ya kutandikwa, na kwa dakika 20 za mwanzo siwezi kusema nimempanda farasi yule yule.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni madaraja ya farasi wachanga wa iventi (mchezo wa sehemu tatu: dresaji, yaani mtihani wa mwendo na utii uwanjani, kisha kuruka viunzi, na mbio za nyika), yale ya miaka 4 na 5, ambako majaji huangalia mwendo, namna ya kuruka na umbo. Ya pili ni iventi za kawaida za ngazi ya chini, sentimita 80 kisha 90, dresaji na viunzi na mbio za nyika vyote siku moja. Ya tatu ni kuacha iventi kabisa mwaka huu: dresaji siku yake, viunzi siku yake, na nyikani twende kwa mazoezi tu. Mwalimu wangu anataka ya kwanza. Moyo wangu unavutwa na ya tatu, ila nachelea nisije nikampotezea mwaka. Mliopita njia hizi, mmeonaje?

KwatoNne

Nimepeleka farasi wawili kwenye madaraja ya wachanga, kwa hiyo nitasema nilichokiona, kizuri na kibaya.

Uzuri wake ni kwamba saa haikukimbizi. Unapewa alama kwa ubora wa kazi. Ujerumani wamejenga utaratibu mzima juu ya wazo hilo: farasi wachanga hupimwa mtindo wao wa kuruka nyikani, na walio bora wa miaka 5 na 6 hukutana Warendorf kwenye Bundeschampionat, mashindano yao ya kitaifa ya farasi wachanga. Jaji anayeijua kazi yake humthamini farasi aliyeutazama mtaro, akafikiri, akauruka kwa mgongo wa mviringo, kuliko yule aliyejitupa kutoka mbali. Mpandaji akilijua hilo anatulia, na farasi anatulia naye. Farasi wangu wa kwanza maoni ya jaji ndiyo yaliyonifumbua macho kwamba goti lake la kushoto lilikuwa linaning'inia kila kiunzi kikiwa kipana. Nyumbani hakuna aliyeliona.

Ubaya wake ni alama za mwendo. Ukishaona troti kubwa inapewa 8 na ya kawaida 6 na nusu, unaanza kumsukuma aonyeshe troti ambayo mgongo wake bado hauwezi kuibeba. Farasi wa pili nilimwendesha hivyo msimu mzima. Mwisho wake alikuwa na troti ya kupendeza na kanta iliyovunjika, hatua nne zinasikika badala ya tatu. Ilinichukua miezi mingi ya kupanda vilima taratibu mpaka ikarudi. Kosa lilikuwa langu, lakini daraja ndilo lililonishawishi.

Kama mwalimu wako ni mtu anayeweza kukwambia "leo onyesha troti uliyo nayo", nenda. Kama anapenda utepe wa ushindi, fikiri upya.

GogoLaKwanza

Mimi nasema iventi ndogo, na sababu yangu ni moja: farasi wa iventi hujifunza iventi nyikani. Uwanja wa mchanga haumfundishi kushuka mteremko huku akijipima mwenyewe mahali pa kuweka miguu. Farasi wako tayari anapenda magogo. Mpe magogo.

Ila sharti uingie ukiwa umeshaamua moyoni kwamba muda si wako. Angalia hesabu ilivyo. Kila sekunde unayozidisha nyikani ni adhabu 0.4. Farasi akikataa kiunzi mara ya kwanza ni adhabu 20. Maana yake ukichelewa sekunde 50 umelipa sawasawa na kukataa mara moja, na hapo ndipo wengi wanapoanza kukimbiza farasi mchanga, kwa sababu ubaoni vinaonekana ni kitu kimoja. Kwa farasi si kitu kimoja hata kidogo. Aliyechelewa sekunde 50 amerudi nyumbani akijua kwamba kila kilicho na bendera nyekundu kulia na nyeupe kushoto kinavukika. Aliyekataa amejifunza kwamba kukataa kunawezekana.

Farasi wangu wa sasa, iventi zake nne za kwanza tulichelewa zote. Kwenye dimbwi tulishuka hadi troti, tukaingia, tukatoka, nikamshika shingo nikamsifu. Ya tano aliingia dimbwini kwa kanta bila mimi kumwomba.

SaisiWaZamani

Wanangu, nimetunza farasi wa mchezo huu kwa miaka mingi, na swali ninalolisubiri hapa halijaulizwa: kinywani kuna nini?

Farasi huzaliwa na kukua na meno 24 ya utoto, na kuyang'oa yote na kuota mapya humchukua tangu miaka 2 na nusu hadi kama 5. Meno ya mbele ya pembeni hubadilika akiwa na miaka 4 na nusu hivi, yaani sasa hivi kwa huyu wa TandikoJepesi. Magego ya mwisho kubadilika hung'oka karibu na umri wa miaka 4. Farasi anayeegemea bega la kushoto na kuikwepa hatamu ya upande mmoja huenda hana tatizo la mafunzo. Huenda lijamu inagusa fizi iliyovimba. Nimeona vijana wakimbadilishia farasi lijamu tatu kwa mwezi, kila moja kali kuliko iliyotangulia, kumbe kulikuwa na kofia ya jino la utoto iliyokwama juu ya gego jipya. Ilipotolewa, farasi aliinamisha shingo siku hiyo hiyo.

Halafu mgongo. Mifupa ya miguu ya chini hukomaa mapema, ndiyo maana farasi wa miaka 3 anaonekana amekamilika. Pingili za uti wa mgongo ndizo za mwisho, hadi miaka 5 na nusu au 6. Hapo ndipo tunapokaa sisi.

Mtaniambia ushindani wa dunia unawahi. Mashindano ya dunia ya iventi kwa farasi wachanga pale Le Lion d'Angers, Ufaransa, kila Oktoba, ni ya miaka 6 na 7. Hakuna daraja la miaka 5. Na mbele zaidi ya hapo, Charisma, farasi wa Mark Todd wa New Zealand, alichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 akihesabiwa miaka 12, akarudia mwaka 1988 akiwa na 16. Sam, farasi wa Michael Jung wa Ujerumani, alizaliwa mwaka 2000, akashinda London 2012 na Rio 2016. Umri ule ule, 12 na 16. Mwaka mmoja utakaomwachia huyu binti hautamnyima kitu.

GogoLaKwanza

Shikamoo mzee. La meno nimelipokea kwa mikono miwili. Ila Charisma na Sam hawakufika huko kwa kukaa bandani wakiwa na miaka 5. Kufanya kazi kidogo kunajenga mifupa na kano. Farasi aliyelindwa kupita kiasi naye huumia siku anapoanza kazi kweli.

SaisiWaZamani

Marahaba mwanangu. Sikusema akae bandani. Apandwe mara 4 au 5 kwa wiki, dakika 30 au 40, nusu yake iwe nje kwenye ardhi ngumu na laini, vilima na miteremko. Kuruka mara moja kwa wiki kunatosha. Ninachokataa ni mwezi wenye safari nne.

DadaHatamu

TandikoJepesi, nimesoma maelezo yako nikahisi unamwelezea farasi wangu. Kuita, jasho, dakika 20. Nilipita njia yako ya tatu, na nitakueleza ilivyokwenda kwa sababu nusu yake niliifanya vibaya.

Miezi mitatu ya mwanzo sikushindana kabisa. Nilikuwa nampeleka kwenye mashindano ya watu, namshusha, tunatembea kwa kamba, anakula nyasi kando ya uwanja wa kupashia mwili, tunarudi. Mara ya kwanza alilia saa nzima. Mara ya tano alikuwa amelegeza mguu mmoja wa nyuma kando ya gari. Ndipo nikamwingiza kwenye mtihani mmoja wa dresaji, nje ya ushindani, yaani anapanda lakini hahesabiwi. Inaruhusiwa sehemu nyingi ukiomba. Mwezi uliofuata, mitihani miwili siku moja. Wa pili ndio unaofundisha, kwa sababu ameshaelewa kwamba kuingia kati ya zile herufi za kando ya uwanja wa dresaji si mwisho wa dunia.

Kuna jambo la tumbo ambalo sikulijua. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, ale asile. Akikaa garini saa tatu bila kitu, kisha akakimbizwa tumbo likiwa tupu, asidi inarukia sehemu ya juu isiyo na kinga, na vidonda huanzia hapo. Mimi nilikuwa namnyima nyasi kavu asubuhi ya safari ili awe mwepesi. Sasa anakula njiani, na kabla ya kutandikwa anapewa konzi kadhaa za nyasi kavu. Sehemu kubwa ya ile "hofu ya ugenini" iliisha hapo. Sisemi wako ni hivyo, nasema daktari wa mifugo amwangalie ukimwona anakunja uso unapofunga mshipi wa tandiko.

Kosa langu: nilisahau nyika. Mwaka mzima miti ya rangi, mchanga uliosawazishwa, kona zile zile. Alipofika kwenye iventi ya kwanza akiwa na miaka 6 aliruka viunzi vya uwanjani kama mtu mzima, kisha akasimama mbele ya mtaro mdogo ambao hata mtoto wa farasi angeuvuka. Tulitolewa kwenye kiunzi cha sita. Ukichagua njia hii, weka siku ya nyika kila wiki mbili au tatu na usiiruke.

TandikoJepesi

Asante sana dada, na nyote. Mshipi wa tandiko... ndiyo, hukunja masikio. Nilidhani ni tabia ya majike. Naita daktari wiki hii.

Kuhusu mtaro na maji, mnaanzaje? Maji ameingia mara mbili tu, zote kwa kumfuata mwenzake.

KwatoNne

Kumfuata mkubwa aliyetulia ndiyo njia, usione haya. Mkubwa aingie kwa hatua za kawaida, asimame katikati, wako aje asimame naye. Wakae hapo mpaka achoke kupiga maji kwa kwato. Siku nyingine mkubwa aende kando yake, siku nyingine abaki ng'ambo.

Mtaro una mambo ya macho. Farasi haoni kilicho chini kabisa ya pua yake, na akitoka juani kwenda kivulini macho yake huchukua muda mrefu kuzoea kuliko yetu. Kwa hiyo shimo jeusi chini ya miti ni gumu kwake kwa sababu ya kweli, si ukaidi. Anza na mtaro mwembamba ulio wazi, juani, wa kuvukwa kwa hatua. Mwelekeze wima, mpe shingo, subiri. Akiinamisha kichwa kuuchungulia usimpige teke, ndiyo anasoma. Kitakachokuangusha ni kumvuta kichwa juu wakati huo. Vaa kamba ya shingo uishike, maana wa kwanza ataruka mita moja hewani.

GogoLaKwanza

Na uvuke kwenda na kurudi. Wengi wanavuka upande mmoja wanafurahi, wanaondoka.

Kwa jinsi ulivyoeleza tumbo na ugenini, naondoa neno langu la mwanzo kwa farasi huyu. Siku moja yenye kazi tatu na masaa ya kusubiri katikati ni nyingi mno kwake sasa. Kwa farasi mwingine ningebaki pale pale.

TandikoJepesi

Nimeamua hivi, mnisahihishe. Januari na Februari: daktari, meno, na safari za kutembea tu. Machi hadi Juni: mtihani mmoja wa dresaji na siku moja ya viunzi kila mwezi, sentimita 70 nje ya ushindani mpaka atulie, na nyika kila wiki mbili akiwa na farasi mkubwa wa jirani bandani. Agosti, kama anasimama kando ya gari bila kuita, daraja moja la farasi wachanga wa miaka 5, troti aliyo nayo. Iventi kamili Septemba, moja, sentimita 80, na saa nitaiacha nyumbani. Mwalimu nimeshamwambia. Hakufurahi, ila ameomba aje siku ya maji.

DadaHatamu

Kama Agosti bado anaita, hiyo Septemba isogeze. Usimtafutie sababu.

SaisiWaZamani

Mpango mzuri. Mtaalamu wa meno atangulie, kabla ya safari yoyote. Akimaliza kazi, mpumzishe siku kadhaa bila lijamu, mtembeze kwa kamba. Na umwombe akuonyeshe hizo kofia za meno alizotoa. Ukizishika mkononi utaelewa farasi wako alikuwa anabeba nini.