Kihispania: kwa nini "si tendría" ni kosa?

Mwanafunzi wa jioni:
Wapendwa, huu ni mwezi wangu wa nne na Kihispania. Juzi nilimwandikia mwalimu sentensi hii: *Si tendría tiempo, leería más*, yaani "Ningekuwa na muda, ningesoma zaidi" (*si* yao ni "kama"). Akakata *tendría* kwa wino mwekundu, juu yake akaandika *tuviera*. *Leería* hakuigusa. Hakuandika sababu. Kwetu -nge- hukaa pande zote mbili, na ukiitoa upande mmoja sentensi inachechemea. Wao wanaikubali upande mmoja tu kwa nini?

La pili: nilifurahi kuona vitenzi *hablar* (kusema), *comer* (kula) na *vivir* (kuishi) vyote vinachukua miisho ileile: *-ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían*. Mara *decir* (kusema kitu) ikawa *diría*, *salir* (kutoka) ikawa *saldría*. Nikariri moja moja?

Mfasiri:
Kosa hilo nimeishi nalo miaka miwili, kwa hiyo nakujibu kwa moyo wote. Hukukosea Kihispania, ulikuwa unafikiri kwa Kiswahili. Kwetu -nge- inabeba mizigo miwili, sharti na matokeo. Wenzetu wameigawa: matokeo yamepewa *condicional*, umbo la *-ría* (*leería*), na sharti linalofuata *si* limepewa *subjuntivo*, umbo la jambo lisilo hakika, ya wakati uliopita (*tuviera*). Kwa hiyo kila unapotaka kusema "ningekuwa… ningefanya", jiulize kwanza ni -nge- ipi iko jirani na *si*. Hiyo ndiyo inayobadilika.

*Tuviera* yenyewe haitoki hewani. Chukua wakati uliopita wa "wao": *tuvieron*. Ondoa *-ron*, weka *-ra*. *Hablaron* inakuwa *hablara*, *dijeron* inakuwa *dijera*. Njia hii haijawahi kuniangusha.

Na usione aibu. Kaskazini mwa Hispania, kama huko Burgos na Nchi ya Basque, wapo wenyeji waliozaliwa na lugha hiyo wanaosema *si tendría* kila siku. Ila katika maandishi na mitihani huhesabiwa kosa, kwa hiyo mwalimu wako yuko sahihi.

Ile -ngali- yetu nayo ina mwenzake: "Ningalijua, ningalikuja" ni *Si hubiera sabido, habría venido*. Mgawanyo ni uleule.

Kuhusu *diría* na *saldría*: umeshasoma wakati ujao? Kama unajua *diré* na *saldré*, kazi imekwisha, maana shina ni lilelile. Mashina yasiyo ya kawaida ni kumi na mawili tu. Matano yanadondosha irabu: *podría, sabría, habría, cabría, querría*. Matano yanaingiza *d*: *tendría, vendría, pondría, saldría, valdría*. Mawili yamekatwa tu: *diría* na *haría*. Vitenzi vilivyozaliwa na hivi karibu vyote hufuata ukoo, kama *proponer*, mtoto wa *poner*, inayotoa *propondría*. Miisho yenyewe ni mabaki ya *había*: zamani watu walisema kitu kama *comer había*, vikagandana vikawa *comería*. Mimi nilipojua hilo niliacha kuiogopa ile alama juu ya *í*.

Msomaji wa zamani:
Naongeza tahadhari moja, ya sikio. *Comía* ni "alikuwa akila", *comería* ni "angekula". Ukimeza silabi moja tu, maana imehama. *Quería* ("alitaka") na *querría* ("angetaka") ni ngumu zaidi, tofauti yake ni *r* moja na *r* mbili zinazotetemeka, na Kiswahili hakitufundishi kuzitenganisha. Ukitaka kuomba kitu kwa adabu, anza na *me gustaría* ("ningependa") au *¿podría…?* ("ungeweza…?") mpaka ulimi uzoee.

Mwanafunzi wa jioni:
Asanteni sana, nimeandika yote. Lakini Mfasiri, nimekuta *No sé si vendría* kwenye zoezi. Hapo *si* iko jirani kabisa na *-ría*!

Mfasiri:
Umeona vizuri. *Si* hiyo ni ya kuulizia: "Sijui kama angekuja." Haiweki sharti lolote, kwa hiyo *condicional* inaruhusiwa. Ukiweza kuongeza "au la" mwishoni, ni hiyo ya kuulizia.

Na kuna matumizi moja ambayo -nge- haifai kabisa. Siku moja nilikuwa natafsiri maelezo ya shahidi aliyesema *Serían las diez de la noche*. Nikaandika "Ingekuwa saa nne usiku." Aliyesoma akaniuliza, ingekuwa, kama nini? Alikuwa na haki. Hapo *condicional* inakisia jambo lililopita: "Ilikuwa yapata saa nne usiku." Nilirudia ukurasa mzima kutafuta nyingine kama hiyo, nikazikuta mbili. Tangu siku hiyo nikiona *-ría* isiyo na sharti karibu, nauliza kwanza kama msemaji anakisia, anaomba kwa adabu, au anaeleza ahadi ya zamani, kama *Dijo que vendría*, "Alisema atakuja."

Mwanafunzi wa jioni:
Najaribu: *Si hubiera preguntado antes, habría entendido la corrección*, yaani "Ningaliuliza mapema, ningalielewa sahihisho."

Mfasiri:
Sahihi, hata alama zote zipo. Sasa iandike hiyohiyo kwa kukanusha, sharti na matokeo, utuletee.