Ushauri wakuu: nipo fildi kituo cha afya, naanza zamu za usiku

MwakaWaTano: Wakuu, nasoma udaktari, mwaka wa mwisho. Chuo kimenileta fildi wiki 6 kituo cha afya cha kijijini. Jumatatu naanza usiku, leba. Nibebe nini, nisome nini? Usingizi sipati.

KotaYaNyuma: Tochi ya kichwani, saa yenye mshale wa sekunde, buti za mpira. Glavu beba boksi lako.

MkungaMkongwe: Anza na kifafa cha mimba. Dawa yake ni magnesiamu salfeti ya 50%: vuta mililita 8, ongeza maji ya sindano mililita 12, hapo una gramu 4. Mshipani taratibu, dakika 5 hadi 20. Kisha gramu 5 kila tako, pamoja na ganzi ya lignokeini ya 2% mililita 1. Balaa huja pale mtu anapoharakisha ile ya 50% mshipani bila kuizimua: mama anaacha kupumua.

TabibuWilayani: Usiku anakusimamia nani?

MwakaWaTano: Kuna mkunga mmoja.

TabibuWilayani: Na logibuku, kile kitabu cha kazi ulizofanya, anasaini nani?

MwakaWaTano: Sawa, niseme. Tabibu wa zamu anakaa kilomita 4. Tumekubaliana nimshikie usiku 3 kwa wiki, naye ameshanisainia kurasa zote za leba. Watumishi hawatoshi hapa. Na mwakani si nitakuwa intern, daktari wa mafunzo kazini?

TabibuWilayani: Intern amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wewe bado.

KotaYaNyuma: Sahihi ya kazi ambayo haijafanyika ni uongo, kijana.

JichoLaTatu: Mnahangaika na uzi wa kutunga. Kama upo kweli, fungua trei ya kifafa cha mimba utuambie kuna nini.

MwakaWaTano: Nimetoka kuifungua. Magnesiamu chupa 2 za mililita 10. Sindano ya mililita 20 moja, kanula za kijani 2. Pa kalsiamu glukoneti pamebandikwa plasta, imeandikwa kwa peni "imeagizwa". Wino umefifia.

JichoLaTatu: Basi yupo.

MkungaMkongwe: Chupa moja ni gramu 5. Dozi ya kuanzia ni gramu 14, chupa 3. Kwa hizo 2 utaishia tako la kwanza. Na pumzi zikikata, kalsiamu ya kumrudisha huna! Mwone mganga mfawidhi leo hii, usingoje Jumatatu.

TabibuWilayani: Mratibu wa chuo naye mpigie, mwambie yote mawili: usiku huna msimamizi, na kurasa zilisainiwa kabla. Usizichane, zina namba. Zipige mstari, uandike tarehe. Omba leba ya mchana. Usiku ingia tabibu akiwepo.

MwakaWaTano: Akininunia? Zimebaki wiki 4.

MkungaMkongwe: Anune. Chupa umeshazisemea?

MwakaWaTano: Ndiyo. Mfawidhi amepiga simu wilayani, dawa zinakuja kesho. La kurasa bado sijamwambia mtu.