Ni sifa zipi zinazomtenga mshigi na chiriku?

Swali
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kuhusu mishigi, wale ndege wadogo walao mbegu ambao mara nyingi huchanganywa na chiriku kwa kuwa wote wana mdomo mfupi na mnene. Je, mbali na rangi, ni sifa zipi zinazowatenga?

Jibu la kwanza
Umefanya vyema kuiweka rangi kando, kwa sababu hata ndani ya spishi moja hubadilika: mshigi wa Gould wa kaskazini mwa Australia huweza kuwa na kichwa cheusi, chekundu au cha manjano. Tazama kiota. Chiriku hujenga kikombe kilicho wazi juu, ilhali mshigi hukusanya nyasi na kuunda tufe lenye mlango ubavuni, na humo hutaga mayai meupe yasiyo na madoa ambayo dume na jike huyaatamia kwa zamu. Chakula hakitakusaidia sana, ingawa mishigi wengi huwalisha makinda wadudu pia, hasa mchwa.

Jibu la pili
Naongeza sifa ambayo kwa maoni yangu inazipita zote. Kinda la mshigi huzaliwa na nakshi ndani ya kinywa: madoa meusi kwenye kaakaa na, katika spishi nyingi, vinundu vinavyong'aa pembeni mwa mdomo, kila spishi kwa mpangilio wake. Linapoomba chakula halinyooshi shingo juu, bali hujiinamisha na kupindua kichwa ili nakshi hiyo ionekane. Fumbwe, ambao hutaga katika viota vya mishigi, wana makinda yenye nakshi inayofanana mno na ya wenyeji wao. Zaidi ya hayo, madume wa fumbwe wengi hujifunza wimbo wa ndege waliowalea, na jike huvutwa na wimbo huohuo anapochagua dume.

Muuliza swali
Nashukuru. Je, kinda la fumbwe huwatupa nje wenziwe kama lifanyavyo la kekeo?

Jibu la pili
Hapana. Fumbwe hukua pamoja na makinda ya mwenyeji katika kiota kimoja, na hasara ya mshigi ni kwamba chakula alicholeta hugawanywa kwa vinywa vingi zaidi.