Siti saba za umeme kwa familia ya Dar: EV9, EQB, XC90 ya kuchomeka au nibaki na Prado ya dizeli?

Baba_wa_Goba

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tulinganishe kwa utulivu kabla sijatoa hela. Nyumbani tuko saba: mimi na mama watoto, watoto wanne, na mama yangu mzazi mwenye miaka 71, goti la kulia linamsumbua. Prado yetu ya dizeli imechoka. Siku za kazi natoka Goba, napitisha watoto shule Mikocheni, naishia Posta. Desemba lazima tupande Upareni kupitia Same, hilo halina mjadala.

Nimebaki na manne, yote ya usukani wa kulia: Kia EV9 na Mercedes EQB zilizotumika Uingereza, Volvo XC90 T8 ya kuchomeka yenye injini ya petroli pia, au Prado nyingine tu. Za Kichina zenye usukani wa kushoto nimeziacha, kuzipita lori barabara ya Segera huku nimekaa upande wa majani siwezi. Mnaojua, nisaidieni.

Fundi_Sakiti

Mkuu, kabla ya kuchagua gari, angalia umeme wa nyumbani kwako. Mwezi uliopita niliitwa Mbezi Beach, mteja analalamika gari halijai. Nilipofungua soketi ya ukutani nikakuta plastiki imekuwa kahawia, tundu moja limeyeyuka limeishika pini ya plagi, na waya nyuma yake ni mwembamba, wa milimita 1.5 za mraba. Kilichomuokoa yule baba ni breka iliyokuwa ikikata kila baada ya saa moja. Yeye alidhani breka ndiyo mbovu, akataka nimwekee kubwa zaidi!

EV9 ya betri kubwa inabeba uniti 99.8. Kwa soketi ya kawaida unaingiza kama uniti 2.3 kwa saa, kwa hiyo kutoka sifuri ni zaidi ya siku nzima na usiku wake. Chaja ya ukutani ya ampea 32, fezi moja, inatoa kilowati 7 na ushee. Ukichomeka saa mbili usiku, alfajiri una zaidi ya uniti 60. Inataka laini yake peke yake kutoka meni swichi, waya mnene na ethi ya kweli iliyopimwa. Kama una pampu ya kisima na viyoyozi viwili, omba fezi tatu mapema.

Gharama: luku ya kundi letu ni kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi. Gari kubwa namna hiyo weka uniti 25 kwa kilomita 100, ukijumlisha na zinazopotea njiani kwenye chaja. Kilomita 1,500 kwa mwezi ni uniti 375, kama shilingi 133,500. Prado ikila lita moja kwa kilomita 9, ni lita 167. Zidisha mwenyewe kwa bei ya EWURA ya mwezi huu.

Mama_Pacha

Kaka, shikamoo yangu imfikie mama. Wote hapa mtaongelea betri, mimi naongelea siti ya nyuma, kwa sababu ndiyo itakayowagombanisha.

EQB ni gari zuri, dogo kuegesha pale Kariakoo, lakini safu yake ya tatu Mercedes wenyewe wanasema ni ya mtu asiyezidi mita 1.65. Nilikaa humo siku ya harusi ya mdogo wangu, kutoka Sinza hadi ukumbini Kunduchi. Magoti yalikuwa kifuani, gauni limejikunja, na mlango wa kutokea sikuufikia mpaka wa mbele yangu ashuke. Watoto wako wakubwa wakifika kidato cha kwanza hawakai pale tena. Na betri ni uniti 66.5, kwa Same usiiwaze.

XC90 ni afadhali, Volvo wanasema hadi sentimita 170 nyuma kule. EV9 ndiyo pekee kati ya hizo ambayo mtu mzima anakaa safu ya tatu akashuka bila kulalamika. Ila angalia buti: siti zote zikiwa zimesimama inabaki lita 333. Watu saba wakienda Krismasi, na gunia la ndizi la kurudi nalo? Nunua kabisa boksi la juu ya gari. Halafu ukiona ya siti sita, zile mbili za katikati zenye nafasi, usidanganyike na uzuri wake. Nyie mko saba.

Dizeli_Daima

Mimi nasema baki na Prado. Sina ubishi na hesabu ya fundi. Lakini EV9 ina tani 2.5 tupu, betri iko chini ya sakafu, na barabara za ndani za Goba mvua ikinyesha tunazijua. Jiwe likigonga tumbo la Prado unaenda kwa mafundi wa Gerezani, unarudi jioni. Jiwe likipasua betri unaenda kwa nani? Dhamana ya Uingereza usitegemee itakufuata huku. Na shokapu, bushi, taa ya mbele vyote ni vya kuagiza.

Fundi_Sakiti

Hoja ya Dizeli_Daima ni ya kweli. Ndiyo maana mkuu, ukichukua EV9 tafuta ile ya magurudumu ya nyuma yenye rimu za inchi 19. Tairi ni 255/60, ina nyama. Ile ya rimu 21 inapendeza lakini mashimo yetu yataimaliza. Tena ya inchi 19 ndiyo inayokwenda mbali zaidi, kilomita 563 kwa kipimo cha Ulaya, nyingine ni 505. Kabla ya kulipa, muuzaji akutumie picha za chini ya gari na kipimo cha afya ya betri. Akisita, achana naye.

Foleni isikutishe. Gari la umeme likisimama Mwenge halichomi kitu zaidi ya kiyoyozi, uniti moja au mbili kwa saa, na kila ukikanyaga breki linarudisha kidogo. Umeme ukikatika nyumbani, EV9 inatoa hadi kilowati 3.6 kwa waya wake: friji, feni, taa, usiku mzima bila jenereta.

Mpare_wa_Suji

Hiyo safari naijua kwa kulala na kuamka. Sahau 563. Kwa mwendo wa barabara kuu, kiyoyozi kimewaka na watu saba, hesabu kilomita 400. Zitaishia kati ya Mombo na Same, na pale usitegemee chaja ya haraka.

Korogwe ni kama kilomita 300. Utafika umetumia uniti 75, umebaki na 25. Kutoka pale hadi Same ni kama 38, na kupanda mlima mita 1,000 na gari la tani tatu ni 9 hivi. Kwa hiyo unahitaji kuongeza 22 na akiba juu yake. Soketi ya kawaida, saa 12 hadi 14, yaani unalala. Kushuka mlima siku ya kurudi, sehemu ya zile 9 inarudi kwenye betri.

Kama hutaki kulala, chukua XC90 T8 ya kuanzia modeli ya 2022, betri yake ni uniti 18.8. Goba–Posta na kurudi unakwenda kwa umeme karibu njia nzima, Same unakwenda kwa petroli.

Baba_wa_Goba

Wakuu, nashukuru kwa moyo wote. Nimerudi na majibu baada ya siku tisa.

Kuna ndugu Mikocheni ana EV9, aliniruhusu nimlete mama. Mama alisimama mlangoni, akashika mpini wa juu, akainua mguu wa kushoto, ule wa kulia ukagoma. Tulijaribu mara tatu. Mwanangu wa pili akaenda kuomba kigoda jikoni kwa mwenyeji, bibi yake akapanda, akakaa safu ya pili, akasema, "Hapa nafika Same." Wale wakubwa wawili walikaa nyuma nusu saa wakicheza simu, hawakugombana. XC90 tuliijaribu Jumapili. Mama alipanda vizuri zaidi, ila mkubwa wangu ana sentimita 174 na kichwa kiligusa paa.

Halafu nilipomsomea mama hesabu ya Mpare_wa_Suji, akaniuliza kwani Korogwe si tunalala siku zote? Ni kweli, tangu goti lilipoanza hatujawahi kumpeleka moja kwa moja. Nimepiga simu nyumba ya wageni tunayolala, wana soketi nje karibu na maegesho, nimewaomba fundi wao aikague na nitalipia uniti.

Kwa hiyo ni EV9, siti saba, rimu 19. Bei ya Uingereza ninayo, ushuru nimeupiga kwenye kikokotoo cha TRA, unauma lakini nautarajia. Prado siiuzi mpaka Januari, hapo Dizeli_Daima umenishawishi. Fundi_Sakiti, naomba uje Jumamosi uangalie meni swichi. Kigoda nimeshanunua, cha mninga, kipana, kinaingia chini ya siti.

Fundi_Sakiti

Jumamosi saa tatu asubuhi nipo. Niachie luku na meni swichi wazi, na pampu usiizime, nataka kuipima ikiwa inafanya kazi.