Riveti ya mukuba (shaba nyekundu) ya kufua na mkono kwa nguo ya basoda ba Roma: kichwa inapasuka, nisaidieni

MwanaKatuba
Jambo yenu bandugu. Niko Lubumbashi, Katuba. Tuko na kikundi ya vijana mu parokia, kila Ijumaa Kuu tunachezaka Njia ya Msalaba barabarani, watu banatembea na sisi toka asubui mpaka ku kanisa. Miaka yote basoda ba Roma tulikuwa tunabavalisha katoni ya kupaka rangi, mvua ya mwisho ikinyesha katoni inalowa inaanguka vipande vipande mbele ya watu, na watu wenye wamekuja kusali wanaanza kuangalia katoni. Mwaka huu nikasema hapana, tutengeneze chuma ya kweli, ile ya mabamba yenye kupandana ku mabega na ku kifua.

Tole (bamba ya chuma) nilikata mu pipa ya lita 200, iko karibu milimita 1. Mikanda ya ndani ni ngozi ya ngombe, milimita 3. Shida ni riveti, ile misumari ya kushikanisha tole na ngozi. Nachukua waya ya umeme ya mukuba, ile ya 6 (milimita za mraba) yenye uzi moja, nakata, nasimamisha ku kipande ya reli napiga na marto (nyundo). Kichwa inapasuka pembeni kama ua, ama inalala upande moja. Na zile zenye zilikubali, ku repetisyo (mazoezi) soda moja aliinama kumufunga Yesu kamba, riveti 5 zikatoka mara moja ku bega, mabamba yote yakaning'inia. Tuko na mabamba ya watu 8 na iko wiki 6 tu zimebaki. Nakosea wapi?

kivu_solar (Bukavu)
Pole ndugu. Kwa nini unajitesa, nunua zile riveti za aluminiamu za kuvuta na pensi yake, siku moja umemaliza watu wote 8.

MwanaKatuba
Asante kaka, nilifikiria hiyo. Lakini ile ina tundu katikati ya kichwa, na watu wanasimama karibu na sisi kabisa, mita moja, watoto wanashika nguo. Nataka kichwa ya mviringo, nyekundu, yenye inaonekana mutu aliifua.

FundiSanduku_Kenya
Dogo, mi natengenezaka masanduku ya tole na mbabula hapa Lubumbashi, commune ya Kenya, riveti napiga kila siku, kwa hiyo nisikilize polepole. Kosa yako ya kwanza haina mkono, ni moto. Ile waya mu kiwanda waliivuta, wewe ukaikunja, ukainyoosha, imeshakuwa ngumu mbele hata uipige. Mukuba ukiupiga unakuwa mgumu, ukizidi kupiga unapasuka, ile ua unaona pembeni njo ule ugumu. Lazima uuchome kwanza.

Kata vipande vyako vyote, weka mu kopo ya chuma juu ya makala ya mbabula, fanya hiyo kazi saa ya jioni juu mchana hutaona rangi. Ikifika nyekundu ya giza, haina ile ya kung'aa, toa na umwange mu maji. Kwa chuma ya kisu ukimwanga mu maji inakuwa ngumu, lakini mukuba unabaki laini kabisa, utaikunja na vidole. Ile weusi inabaki juu yake utaitosha na ndimu na chumvi.

Kosa ya pili, unapiga waya ikiwa imesimama peke yake ku reli. Hakuna kitu inaishika, lazima ilale upande. Tafuta vipande viwili vya kona ya chuma, vibane pamoja mu eto (ile ya kubania chuma), kisha toboa katikati ya mstari pale vinakutana, nusu tundu huku nusu huku, na foreti (ncha ya kutobolea) ya milimita 2.5. Waya yako ya 6 unene wake ni karibu milimita 2.7, kwa hiyo eto ikikaza inaishika kama meno. Mdomo wa tundu uupanue kidogo na foreti kubwa. Acha waya itokee juu milimita 4, piga. Ukimaliza unafungua eto, riveti inatoka yenyewe haujasumbuka kuisukuma. Mi natumia ile kitu miaka mingi na nilifundishwa na mzee moja mwenye alikuwa anatengeneza masanduku mbele yangu.

MwanaKatuba
Yaya asante sana, hiyo ya kona mbili sikuwahi kuisikia. Na marto? Mi natumia ya kilo moja.

FundiSanduku_Kenya
Ya kilo moja weka mbali! Tumia ndogo, gramu 200 hivi, yenye upande moja mviringo. Pigo ya kwanza moja ao mbili katikati ili inenepe, kisha unazunguka pembeni pembeni, pigo ndogo ndogo nyingi, unashusha ukingo. Marto nzito inakunja shina ndani ya ngozi, juu ngozi iko laini haiwezi kuishika, na wewe kwa juu hauoni kitu, unaona kichwa iko nzuri. Njo maana bega ilikufia ku repetisyo. Zile 5 ziangalie, utakuta zimepinda tumbo.

MwanaKatuba
Nimeziangalia sasa hivi. Zote 5 zimepinda.

mzee_wa_atelier (Likasi)
Fundi amesema vizuri, mi naongeza upande wa ndani. Nilifanya kazi ya atelier miaka mingi, sasa niko nyumbani napumzika. Kijana, unapiga riveti moja kwa moja ku ngozi? Bila washa? Ngozi milimita 3 itapasuka tu, kichwa itapita ndani yake siku moja. Kata miviringo midogo mu ile tole ya mabaki, toboa tundu yenye kukaza ku waya, ikae juu ya ngozi. Sasa hesabu yako: tole 1, ngozi 3, washa 1, hiyo ni 5. Juu ya washa acha milimita 3 ya kufua. Na zile 4 za kichwa. Jumla unakata waya ya 12. Ukiacha mrefu itapinda, ukiacha mfupi haitashika. Mara nyingi mafundi tunahesabu kati ya unene wa waya mara moja na mara moja na nusu.

Kichwa yenye umeshafua usiilaze ku reli flati, itabondeka. Chimba kashimo kadogo ku reli na foreti, kichwa ikae mule, njo upige upande wa washa.

Moto wa makala na mivuto usiuache peke yake. Mukuba unayeyuka ku digri 1085, na waya nyembamba vile makala yenye kupulizwa inaweza kuila. Bankambo betu hapa Katanga njo ule moto walikuwa wanayeyushia mawe ya kijani, wakamwaga misalaba, wakavuta waya nyembamba ya bangili, ukienda ku Musée pale Lubumbashi utaona misalaba yenyewe. Kwa hiyo ile kazi unafanya haiko ngeni hapa, ni ya hapa.

Na ile pipa, ilikuwa na nini ndani? Pipa nyingi za huku zinatoka ku migodi. Ioshe vizuri, na kama iko imefungwa usiweke meule (mashine ya kukata chuma) juu yake hata kidogo, mvuke wa mafuta unalipuka.

MwanaKatuba
Mzee ilikuwa ya mafuta ya kupikia, nilikata ikiwa wazi. Asante kwa hesabu, nimeiandika ku ukuta.

mwalimu_historia (Goma)
Bandugu nimefurahi kusoma hii. Mimi ninafundishaka historia sekondari, naomba niseme kitu ya upande huo, haitabadilisha kazi yenu. Pilato alitawala Yudea toka mwaka 26 mpaka 36, na wakati ule lejioni (vikosi vikubwa vya Roma) zilikuwa Siria, basoda wake wengi walikuwa wa kusaidia, wa kuandikishwa mu maeneo ya karibu. Bale inawezekana zaidi walivaa shati ya pete za chuma. Shati hiyo nayo ni riveti tupu: mstari moja wa pete nzima, mstari unaofuata kila pete imefungwa na kariveti kake, na shati moja ina makumi ya maelfu ya pete. Kwa wiki 6 musijaribu.

Ile ya mabamba ilikuwepo tayari, vipande vyake vimepatikana Kalkriese kule Ujerumani, pahali panahusishwa na vita ya mwaka 9. Na mwaka 1964 pale Corbridge, Uingereza, walichimbua sanduku yenye mabamba ndani, njo ikawasaidia kuelewa ginsi yalifungwa: chuma kwa nje, mikanda ya ngozi kwa ndani, riveti za shaba iliyochanganywa. Kwa hiyo umepatia bila kujua. Vifungo na bawaba zake zimeokotwa nyingi sana mu kambi zao, zimevunjika, zingine zimetengenezwa tena na tena. Soda wa Roma naye bega ilimufungukia.

kivu_solar (Bukavu)
Sawa nimeelewa, riveti zangu nazirudisha. Ila waya utatoa wapi ya watu 8? Musinunue kwa vijana wanauza kabo barabarani, ile imekatwa ku nguzo ya mtaa ya mutu, wengine wanalala giza. Na ganda ya plastiki usiichome, moshi wake ni sumu, imenye na kisu.

FundiSanduku_Kenya
Kweli kabisa. Uliza mafundi ya umeme wenye wanaweka nyaya mu nyumba mpya, mabaki ya mita moja mita mbili wako nayo mu mifuko. Ya bobina ya motere usichukue, iko na vernisi na ni nyembamba.

MwanaKatuba
Narudi kuwapa habari. Fundi umeme moja wa mtaa alinipa mabaki ya mita 9, bure, aliposikia ni ya Njia ya Msalaba. Nilifua riveti 40 jana na leo, bega ya kwanza imekwisha, dogo wangu akaivaa akaruka, akaanguka kwa magoti, akajikunja kabisa. 38 zimeshika. Mbili zilikatika kichwa, na hizo mbili nazikumbuka, nilizifua jana, zikakaa vibaya, nikajaribu kuzipiga tena leo bila kuzirudisha ku moto.

Ya mwisho: pale mabamba mawili yanapandana unene unakuwa tole 2, ngozi na washa. Nakata 13?

mzee_wa_atelier (Likasi)
13. Pima kwanza na moja mbele ya kukata zote.