MJADALA: Simu uliyoinunua kwa pesa yako, ufunguo wake akae nao nani?

MLETA MADA

Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu ameambiwa dukani kwamba simu yake imepitwa na wakati na dawa ni kununua nyingine. Kioo kizima, betri inakaa na chaji, spika inasikika hadi nje. Kilichokoma ni masasisho. Nimekasirika, ndiyo maana naleta hoja hii: kampuni ikishaacha kuihudumia simu, je, sheria iilazimishe kumpa mwenyewe ufunguo wa butiloda, yaani programu ndogo inayoamua simu iwake kwa mfumo gani, ili aweke mfumo mwingine wa kuiendesha?

Mimi nasema ndiyo. Chukueni Samsung Galaxy S II, ile GT-I9100 ya 2011. Ilitoka na Android 2.3, masasisho rasmi yakaishia 4.1.2. Leo WhatsApp inataka Android 5.0 kwenda juu, kwa hiyo simu ile ikibaki kama ilivyotoka kiwandani haina WhatsApp. Lakini haikufungwa. Unaizima, unabonyeza kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti, cha katikati na cha kuwashia, inakuwa tayari kupokea mfumo mpya kutoka kwenye kompyuta kwa programu ya Odin. Adhabu yake ilikuwa pembetatu ya njano inayojitokeza simu ikiwaka, basi. Watu wa kujitolea waliichukua: kwanza kwa CyanogenMod, toleo huru la Android aliloanzisha Steve Kondik 2009, kisha kwa LineageOS iliyolirithi mwishoni mwa 2016. Wakaifikisha Android 7.1. Simu ile ile, na GB 1 yake ya RAM.

Sasa angalieni tulipofika. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia butiloda 2018. Xiaomi inakuruhusu, ila inakuwekea siku za kungoja. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unataka simu mpya zipate masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Ni jambo jema na nalipongeza. Ila huku kwetu simu huanzia kwa kaka, ikaenda kwa shangazi, ikamalizikia kijijini kwa babu. Miaka hiyo ikiisha, babu afanyeje?

FUNDI WA MWANZA

Mleta mada, nakuheshimu, lakini njoo ukae mezani kwangu wiki moja. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima simu bandia, watu walifurika kwa mafundi. Si wote waliotaka ushauri. Wengine walitaka IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ibadilishwe, na mpaka leo wapo wanaokuja na simu ambayo hata nywila yake hawaijui wanasema "fundi, flashi tu", yaani futa uweke mfumo upya. Kufuli lile unalolilaani ndilo linalonisaidia kusema hapana.

La pili, hamsemi ukweli kuhusu simu zinazokufa. 2012 kulikuwa na kasoro kwenye chipu za memori za Galaxy Note ya kwanza na baadhi ya matoleo ya S II. Ukiwa na kerneli (kiini cha mfumo) fulani za Android 4.0, ukifuta data ili uweke mfumo mpya, chipu inaweza kujiharibu. Ikiharibika, simu haiwaki tena, na mara nyingi hakuna kebo wala programu ya kuifufua. Aliyefuata maelekezo hatua kwa hatua naye alikumbwa.

Halafu vijana wa kuovakloki, wanaoikimbiza prosesa kupita mwendo iliopangiwa! Ananiletea simu ya moto kama pasi, betri imevimba hadi mfuniko umenyanyuka, anadai nilimuuzia betri feki. Ukiuliza vizuri unakuta ameipandisha prosesa ili acheze gemu. Kama sheria yako inamfungulia huyo mlango, mimi simo.

WAKALA

Nichangie kidogo tu. Mteja wangu mmoja aliruti simu yake, yaani alijipa mamlaka yote ya kuubadili mfumo wake, siku iliyofuata programu ya benki ikagoma kufunguka. Mama wa watu alidhani pesa zimeibwa, akalia dirishani pangu. Anayeflashi amwambie mwenye simu mapema kwamba huenda benki ikamkataa.

MLETA MADA

Wakala, umesema kweli, na fundi asiyemwambia mteja hilo anamkosea.

Kaka Fundi, nianze na uliponishinda. Kuhusu ovakloki niko upande wako kabisa. Prosesa ya S II ilipangiwa GHz 1.2, na kerneli kama Siyah zilikuwezesha kuifikisha 1.6. Hiyo ni theluthi moja ya ziada. Ila mwendo huo mara nyingi haukai bila kuongeza volti, na umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volti. Ongeza volti kwa asilimia 10 tu, zidisha na ile theluthi, umefika mara 1.6 ya umeme wa awali. Karibu wote unageuka joto, ndani ya kasha jembamba lisilo na feni, jirani na betri. Na faida yake? Simu kuukuu mara nyingi haigandi kwa uvivu wa prosesa. Inaganda kwa sababu RAM ni ndogo na memori ya kuhifadhia vitu imejaa na kuchoka. Android yenyewe ilianza kuisafisha memori kwa utaratibu kuanzia toleo la 4.3, mwaka 2013. Kwa hiyo mfumo mpya mwepesi humsaidia babu kuliko kuichapa mijeledi prosesa. Wanaochanganya mambo haya mawili wanaiharibu hoja yetu.

Kwenye wizi hapo sikubali. Kubadilisha IMEI ni kosa peke yake, na liendelee kuwa kosa. Anayemzuia mwizi ni kufuli la akaunti, ambalo Android imekuwa nalo tangu 5.1: simu ikifutwa kwa nguvu, inadai akaunti ya mwenyewe. Butiloda inaweza kufunguliwa kwa masharti hayo hayo. Mtu aingie kwenye akaunti yake kwanza, data yote ifutwe, onyo lisomeke kila simu ikiwaka. Akishindwa kuingia, asipewe. Hapo hata wewe unapata njia ya kumkataa mwizi bila kumnyima babu.

Ninachodai ni kimoja: siku masasisho yanapokoma, ufunguo utolewe bure kwa aliyethibitisha kwamba simu ni yake. Nikuulize sasa: kwenye lile boksi la simu zilizotelekezwa chini ya meza yako, ngapi zimekufa kweli, na ngapi zimefungwa tu?

FUNDI WA MWANZA

Sijawahi kuzihesabu. Nipe hadi jioni nizichomeke chaji moja moja. Na kwa kila itakayowaka, nitakuandikia pia kama namjua aliyeileta.